Hivi waigizaji wa kike huwa wanatokea wapi kabla hatujawaona kwenye runinga? Naomba ushauri, nipo Mbeya

Binti wa Mbalizi

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Mi ni binti wa miaka 24, nafundisha chekechea huku Mbalizi mwaka wa pili huu. Kuigiza nimeanza toka sekondari, mahafali yote nlikua napangwa mimi, kanisani Pasaka na Krismasi mimi, na hata sasa darasani nikiwasimulia watoto hadithi ya sungura na fisi nabadilika sauti mpaka mwalimu wa darasa la pili anakuja kuchungulia dirishani ajue kuna nani humo ndani.

Sasa mwezi uliopita niliona tangazo la usaili wa tamthilia Dar, nikamwambia mama nataka niombe ruhusa kazini siku tatu niende. Mama hakunigombeza, angenigombeza ningejua cha kujibu, mama alilia. Akasema nimekusomesha kwa viazi vya Umalila, nimebeba magunia mgongoni na mvua ya kule unaijua, leo unataka ukafanye kazi ambayo mwanamke haingii mpaka awe miss au awe na mwanaume wa kumshika mkono. Nilinyamaza, sikua na jibu, na kusema ukweli hata mimi sijui kama anakosea.

Ndo nauliza kwenu mnaofatilia haya mambo. Je ni kweli njia ni hiyo moja? Hawa akina dada tunaowaona, wa kwetu na wa nje, kabla ya kuigiza walikua wanafanya nini? Na je niache ualimu nikomae na hiki kitu au nifanyeje? Naomba mnijibu kama mnamjibu mdogo wenu wa tumbo moja.

Mzee wa Gangilonga

Marahaba mwanangu, kamwene. Mimi nipo Iringa mjini, nimekodisha kanda za video toka enzi za VHS mpaka DVD zilipokufa, kwa hiyo hizi sura nimezipokea dukani moja moja zikiwa hazijulikani, na ninachoweza kukwambia ni kwamba mama yako ameona mlango mmoja, upo kweli, ila nyumba ina milango mingi.

Huo wa umiss ngoja tuuangalie vizuri kwanza maana watu wanautaja bila kuutazama. Chukua Miss Tanzania ya mwaka 2006 peke yake. Aliyeshinda ni Wema Sepetu, mtoto wa balozi, akaingia kwenye filamu akaigiza na marehemu Kanumba na jina likawa kubwa mpaka leo. Kwenye mashindano hayohayo alikuwepo Irene Uwoya, naye akaenda kwenye filamu. Na alikuwepo Jokate Mwegelo, huyu akasoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaigiza kwenye filamu ya Chumo iliyozungumzia malaria kwa wajawazito, akafanya biashara yake ya Kidoti, na 2018 tukasikia ni mkuu wa wilaya Kisarawe, baadaye Temeke na Korogwe, halafu Katibu Mkuu wa UVCCM, umoja wa vijana wa CCM. Jukwaa moja, mwaka mmoja, mabinti watatu, kila mmoja kaishia kwake. Kwa hiyo hata umiss wenyewe hauamui unakwenda wapi.

Halafu kuna wale ambao hawakupita huko kabisa. Kaole Sanaa Group mnaikumbuka? ITV jioni mtaa mzima unahamia kwa mwenye runinga. Pale ndipo walipokulia wengi, kina mama watu wazima kama Bi Hindu, kina Johari, na Elizabeth Michael yule Lulu alikuwa mtoto mdogo kabisa, amekua tunamwona. Lile lilikuwa kundi, watu wanakutana wanafanya mazoezi, anayejua anamfundisha asiyejua. Johari mwenyewe baadaye wakafungua kampuni na mwigizaji mwenzake Ray, ile RJ tuliyokuwa tunaiona kwenye makasha ya DVD, kwa hiyo kutoka kupangiwa pa kusimama akawa mwenye mali. Monalisa yeye sanaa aliikuta nyumbani, mama yake ni Natasha, mama mwigizaji na mtoto mwigizaji, na mama huyo hakulia.

Msinielewe vibaya, simsemi mama yako mwanangu, machozi yake yana sababu na mpe heshima yake. Lakini ukae naye umwonyeshe hao.

Msusi Kabwe

Mdogo wangu mimi nasuka hapa Kabwe mwaka wa tisa na nakuambia usione aibu na kazi yako ya sasa. Whoopi Goldberg unamjua? Yule wa Sarafina, yule mwalimu. Kabla hajawa mtu alikua na leseni ya urembo kama sisi, na kazi aliyoipata ni kupamba maiti mochwari, kuwatengeneza nywele na uso ndugu wakaage. Ameshabeba matofali pia kwenye ujenzi. Na huyo ana Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, aliipata 1991. Mi siku niliyosikia hiyo habari nilikua nasuka mteja nikaacha kidogo nikakaa. Kuna siku nilishaombwa kwenda kumsuka marehemu, mteja wangu wa siku zote, nikaenda, na najua ile mikono inavyotetemeka na jinsi unavyojikuta unaongea naye kama mzima. Mtu aliyepita hapo akisimama mbele ya kamera anaambiwa lia anajua machozi yanatoka wapi.

Kaka wa Njombe

Mimi nitasema ambacho wengine hawapendi kusikia na nasema kwa upendo. Dada usiache kazi. Ualimu wa chekechea mshahara mdogo lakini unajua tarehe yake. Filamu zetu zilikua zinaishi kwa DVD, DVD ikafa na watu wengi wakarudi nyumbani kimyakimya, ni mara ngapi tumechangishana msanii akiumwa? Sasa hivi angalau kuna chaneli kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo ambao wanatengenezesha tamthilia mfululizo, kazi ipo, lakini tamthilia ikiisha imeisha, na wewe ukishaandikwa umekufa kwenye hadithi (mhusika wako nasema) hulipwi tena. Binamu yangu aliigiza vipande sita, mtaa mzima Makambako unamsalimia kama staa na yeye nauli ya kurudi nyumbani kuzika alikopa kwangu.

Kama unaenda nenda, ila usichome daraja.

Mwalimu wa Tukuyu

Ugonile Binti wa Mbalizi. Nimechelewa kuiona hii posti, umeme ulikatika huku toka asubuhi na mvua ndo hivyo, ila nimeisoma yote na nimeguswa kwa sababu mi pia ni mwalimu na nilianzisha kikundi cha maigizo shuleni, kwa hiyo nivumilie nitaandika ndefu.

Kwanza kuna mwalimu wa chekechea mwenzako nataka umjue. Anaitwa Yalitza Aparicio, wa Mexico, mji mdogo wa milimani unaitwa Tlaxiaco, jimbo la Oaxaca, ukiona picha zake utasema ni Uporoto, milima na ukungu. Huyu alikua amemaliza masomo ya ualimu wa watoto wadogo, kuigiza hajawahi hata kufikiria. Siku moja wakaja watu wanatafuta mwigizaji, aliyekua anataka kwenda ni dada yake, lakini dada alikua mjamzito akamwambia wewe nenda uniambie walikua wanataka nini. Akaenda. Akachukuliwa yeye kuwa mhusika mkuu kwenye filamu ya Roma ya 2018, anaigiza mfanyakazi wa ndani, kazi ambayo mama yake mzazi ameifanya, na 2019 akawa kwenye orodha ya wanaowania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Ni mwenyeji asilia, sura kama za mama zetu wa sokoni, na magazeti ya kwao kulikua na watu wanaumia kabisa kwamba yeye ni nani mpaka awe pale. Yeye alikua anajua yule dada wa kazi anavyosimama jikoni, anavyojibu akiitwa, hakuna chuo kinachofundisha hicho.

Hapa jirani Uganda, Madina Nalwanga aliyeigiza Queen of Katwe ya 2016, utotoni ameuza mahindi barabarani Kampala, watu wa filamu wakamkuta kwenye darasa la ngoma. Na kwenye filamu ile anaigiza binti anayeuza mahindi! Unaona hiyo? Kitu alichokionea aibu labda, ndo kilikua mtaji.

Halafu upande wa pili kuna Lupita Nyong'o wa Kenya, huyo njia yake ni ya vitabu, nyumbani kwao baba ni profesa na mwanasiasa. Lakini hata yeye hakuanzia mbele ya kamera. Filamu ya wageni ilipokuja kupigwa Kenya, ile The Constant Gardener, yeye alikua mtu wa kutumwa kwenye seti, lete hiki peleka kile. Akatengeneza filamu yake ya habari za watu wenye ualbino Kenya, akaigiza kwenye tamthilia ya Shuga, ndo akaenda kusoma uigizaji chuo cha Yale Marekani, kamaliza 2012, na mwezi wa tatu 2014 ameshika Oscar. Watu wanakumbuka ile miaka miwili ya mwisho tu, ile ya kutumwa maji hawaitaji.

Na kwa mama yako ambaye anaogopa muda unapotea, mweleze habari ya bibi mmoja wa Korea Kusini, Youn Yuh-jung. Alikua staa kwao akiwa msichana, akaolewa akahamia Marekani, akaacha kila kitu akalea watoto, na akawa keshia wa duka la vyakula huko Florida. Baadaye akarudi Korea na watoto wawili, ndoa ikavunjika, akaanza upya kwa sehemu ndogondogo yoyote aliyopewa kwa sababu watoto wanataka kula. 2021 akapata Oscar, ana miaka 73, wa kwanza kutoka Korea kwa uigizaji. Amesema wazi kabisa kwamba aliigiza kwa ajili ya kulisha wanae. Mimi hilo ndo limenifundisha kuliko tuzo.

Mwingine Mwingereza, Glenda Jackson, baba yake mwashi, yeye mwenyewe aliuza kwenye duka la dawa, akapata nafasi ya kusoma uigizaji, akabeba Oscar mbili, halafu 1992 akaacha akagombea ubunge, kakaa bungeni mpaka 2015, miaka 23, na alipotoka akarudi jukwaani ana miaka 80 akaigiza mfalme kwenye igizo la Shakespeare. Mfalme, mwanaume! Na Nigeria Funke Akindele amesomea sheria, leo anatengeneza filamu zake mwenyewe na ile A Tribe Called Judah ndo ya kwanza ya Nollywood kuvuka naira bilioni moja kumbini.

Swali lako la kuacha kazi. Mi sioni kwanini iwe kuacha au kutoacha. Chuo cha Bagamoyo, TaSUBa, kipo toka 1981, kinafundisha sanaa za maonyesho, na Chuo Kikuu Dar kina idara yake pia. Lakini pia hapa Mbeya usipaone porini, Desemba 2021 tuzo za filamu za Bodi ya Filamu zilifanyikia hapahapa Mbeya, mastaa wote walipanda huku kwetu kwenye baridi. Seko Shamte aliyetengeneza ile filamu ya Mkwawa alikuja kutafuta hadithi nyanda za juu kusini, haikutoka Kariakoo. Anza na watoto wako hao wa chekechea. Mwigizaji anayeweza kushika watoto 40 wa miaka mitano dakika 20 bila kiboko, kamera itamshinda nini?

Cherehani

Nimesoma yote nikasema leo na mimi niseme, sijawahi kuandika hii mahali.

Mimi ni wa Mafinga. Nilienda Dar 2014, nina miaka 21, kwa tangazo kama lako. Nililipa shilingi laki na nusu nikaambiwa ni ya fomu na mazoezi, tulikua mabinti kama 30 kwenye chumba kimoja cha shule ya mtu, joto, hakuna skripti, tunaambiwa tulie, tucheke, tutembee. Wiki ya pili produsa akaniita pembeni akasema wewe nimekuona, sehemu ya dada mkubwa ni yako, ila tukaongee vizuri jioni na akataja gesti. Hakuficha, wala hakuona haya, alikua anaongea kama mtu anayekutajia bei ya nyanya.

Nilikataa. Na ntakwambieni kwanini niliweza kukataa, siyo kwa sababu mimi ni mtakatifu. Shangazi yangu niliyefikia kwake Mbagala alikua na cherehani, na mimi kushona najua, toka siku ya kwanza nilikua nashona sare za shule usiku napata hela yangu ya kula na nauli. Wenzangu wawili niliokua nashinda nao mchana kwenye yale mazoezi walikua hawana pa kwenda, walitoroka kwao, hela imeisha, na walienda ile jioni. Mmoja alipewa sehemu, akaonekana kama dakika mbili. Mwingine hakupewa kitu. Sijawahi kuwahukumu hata siku moja na yeyote atakayewahukumu hapa tutakosana.

Kwa hiyo Binti wa Mbalizi, ukiniuliza ualimu wako una maana gani kwenye uigizaji, maana yake ndo hiyo, kuwa na mahali pa kurudi Jumatatu. Ukiwa na mahali pa kurudi unaweza kumwangalia mtu usoni ukamwambia hapana na ukapanda gari. Hawa waliotajwa hapo juu, huyo bibi wa Korea, Jokate na Kidoti yake, huyo wa Nigeria aliyesomea sheria, mimi nikiwaangalia naona wote walikua na kitu kingine mkononi. Aliyekuja mikono mitupu ndo anapangiwa.

Na mambo mengine ambayo nlikua siyajui kipindi kile. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kwenye sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU unawapigia 113 bure. Na filamu ya halali inatakiwa iwe na kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, uliza, wewe sema tu naomba kuona kibali, kampuni ya kweli hainuni. Usaili wa kukulipisha hela mi siuamini tena mpaka naingia kaburini. Na usiende peke yako, nenda na mtu.

Mimi bado naigiza. Nilirudi Mafinga, nina fundi wawili chini yangu, na kila mwaka kipindi cha likizo ya Desemba naitwa na kikundi Iringa tunafanya filamu fupi za YouTube, nimecheza mama mkwe mara tatu na nina miaka 30 na kitu tu. Hainilipi sana. Ila siku nikiwa lokesheni nalala vizuri.

Kaka wa Njombe

Cherehani nimesoma mara mbili. Pole sana dada, na asante kwa kuliandika. Nina binti wa miaka 14 hapa anataka haya mambo na nilikua namkatalia tu bila maelezo, leo ntakaa naye.

Mzee wa Gangilonga

Mwanangu Cherehani, hiyo YouTube yenu nitumie jina lake inboksi. Nilikuwa nadhani enzi zangu za kuona sura mpya zimeisha pamoja na kanda, kumbe naweza kuangalia kazi ya mtu wa Mafinga.

Binti wa Mbalizi

Wakuu nimelia kwenye daladala, nlikua nasoma natoka kazini nimeshuka Mafiati badala ya kushuka kwetu, imebidi nirudi.

Jana usiku nimemsomea mama, siyo yote, nimemsomea ya bibi wa Korea na ya Cherehani. Ya bibi wa Korea akasema huyo nampenda. Ya Cherehani hakusema kitu muda mrefu, alikua anamenya viazi, alafu akauliza huyo dada bado anashona? Nikamwambia ndio ana mafundi wawili. Akasema basi. Nilimjua mama, hiyo "basi" siyo ya kukataa.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Ule usaili wa Dar siendi, nimepiga simu kuuliza kibali wakakata. Ualimu siachi. Mwezi wa sita shule zikifunga ntaenda Bagamoyo kuulizia kozi zao fupi na ada, mama amesema tutaenda wote, hajawahi kuiona bahari. Na kwa sasa nataka nirekodi kipande kimoja cha dakika nne, ni mama anayesubiri matokeo ya mtoto hospitali, nimekiandika mwenyewe, nimekijaribu mbele ya watoto wakaniletea leso.

Jumamosi nipo Mwanjelwa kwa rafiki yangu kuanzia saa nne asubuhi, simu ninayo ya kurekodia nzuri tu, tatizo ni sauti, pale kuna kelele za bajaji. Kuna mtu hapa Mbeya ana maiki ile ndogo ya kubana kwenye nguo aniazime? Ntairudisha siku hiyohiyo.

Msusi Kabwe

Shemeji yako anapiga vidio za harusi, maiki ipo. Njoo saluni Kabwe Ijumaa jioni uichukue, na nikusuke mtindo wa twende kilioni, kichwa cha mtu aliyekaa hospitali siku tatu nakijua kinavyokua. Hela usilete.

Mwalimu wa Tukuyu

Jumamosi nashuka Mbeya kufata vitabu. Ntapita na wanafunzi wangu wawili wa kikundi waone mtu anavyorekodi, kama hutojali. Tutakaa kimya.